Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Ni Nani Aliyeifua?



Methali tunayoifundisha mapema kabisa katika shule zetu za sekondari yasema kwamba chanda chema huvikwa pete. Wanafunzi huieleza upesi: mtu mwema hutunzwa kwa wema wake. Maelezo hayo ni sahihi, na mtahini atawapa alama zao. Hata hivyo methali hiyo imemtaja mwenye chanda na kumwacha nje mtu mmoja, yule aliyekaa mbele ya moto akaifua pete yenyewe. Alifanya kazi peke yake au pamoja na wenzake? Nyundo ilikuwa yake au ya kuazima? Na pete ilipouzwa, ni nani aliyetaja bei?

Hayo ni maswali ya historia, na vilevile ni maswali ya uraia. Nayaandika kwa ajili ya wasomaji wetu wa Kasese na Bwera, hasa vijana na akina mama wanaotunga shanga, wanaokunja karatasi na wanaosugua pembe za ng'ombe hadi zikawa bangili, kila mmoja barazani kwake, kisha wakamuuzia mchuuzi apitaye. Baadhi yao wameniuliza kama kuna faida yoyote ya kukodi chumba kimoja na kufanya kazi pamoja. Naamini faida ipo, tena kubwa. Lakini historia ya Afrika Mashariki inatuonya kwamba kuketi katika chumba kimoja ni jambo moja, na kumiliki kazi kwa pamoja ni jambo jingine. Naomba tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kisha turudi nyumbani kwetu chini ya Rwenzori.

Shanga kabla ya maduka

Katika sarufi, ushanga umo katika ngeli ya U-ZI: ushanga huu, shanga hizi. Mara chache husikia mtu akiutaja ushanga mmoja pekee, kwa maana ushanga mmoja haujawa pambo. Huwa pambo unapotungwa na wenzake. Lugha yetu imelijua jambo hili kabla ya mwanauchumi yeyote.

Sanaa yenyewe ni ya kale mno. Katika pango la Panga ya Saidi, nyuma ya pwani ya Kilifi nchini Kenya, wanaakiolojia wamepata ushanga wa kombe wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Mwaka 2022 watafiti Jennifer Miller na Yiming Wang walichapisha uchunguzi wa shanga zaidi ya 1,500 zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zilizokusanywa kutoka sehemu 31 za mashariki na kusini mwa Afrika. Walikuta kwamba miaka 50,000 iliyopita watu wa kanda hizo mbili, waliotengwa na maelfu ya kilomita, walikuwa wakitengeneza shanga za namna moja. Walieleza kwamba mtindo huo ulisafiri kwa mahusiano ya watu, jamii moja hadi nyingine. Fundi wa zamani zile hakuwa kisiwa.

Tukishuka hadi karne zilizo karibu nasi, ushahidi unakuwa wazi zaidi. Huko Tumbe, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, palikuwa na kijiji kikubwa cha Waswahili wa mwanzo kati ya karne ya 7 na ya 10. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba hapo walikuta vigae vya vyungu vyenye mifereji midogo, kwa wingi usiopatikana kwingi pwani. Mifereji hiyo ilitokana na kusaga. Fundi alivunja kombe vipande vidogo, akavitoboa, kisha akavisugua juu ya kigae mpaka kingo zikawa laini na duara. Chungu kilichovunjika jikoni hakikutupwa, kiligeuka kifaa cha kazi. Kwa kuwa vigae hivyo vimetapakaa katika kijiji, inaonekana kazi hiyo ilifanywa katika nyumba nyingi. Tumbe haikuwa na karakana moja yenye mlango na kufuli. Kijiji ndicho kilichokuwa karakana. Na kifaa, ndugu msomaji, kilikuwa mali ya kila mwenye chungu kilichovunjika. Hilo tulikumbuke.

Bangili zilizokuwa fedha

Sasa tusogee magharibi, karibu zaidi na kwetu. Katika karne ya 19, misituni upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, watu kama Watembo walisuka bangili nyembamba kwa nyuzi za mimea ya porini. Bangili hizo ziliitwa butega. Wanawake wa Rwanda walizivaa miguuni kwa wingi, nazo zilivuka ziwa zikifungwa mafungu mafungu. Polepole zikawa zaidi ya pambo: zilikubalika kama sarafu katika masoko ya kandokando ya ziwa, mtu akazitoa na kupewa chakula au mifugo.

Fikiria maana yake. Ili bangili ikubalike kama fedha na watu wasiofahamiana, lazima ya kijiji hiki ifanane na ya kijiji kile, kwa unene, kwa ususi na kwa idadi katika fungu. Hapakuwa na serikali moja iliyowaamuru wasusi wote wa msituni. Walishika kipimo kwa sababu kila msusi alijua kwamba akidanganya yeye, fungu la jirani yake nalo litatiliwa shaka sokoni. Kwa hiyo waliosuka wakiwa mbalimbali walifungwa na kanuni moja. Nidhamu hiyo ndiyo roho ya chama chochote cha mafundi, chenye jengo au kisicho na jengo.

Sarafu za wakoloni zilipoenea, butega ikapoteza kazi yake ya fedha. Ufundi ulibaki mikononi, lakini thamani ilihamia kwenye kitu ambacho msusi hakuweza kukitengeneza.

Misafara na shanga za kioo

Wakati huohuo, kutoka Zanzibar na Bagamoyo, misafara ilikuwa ikiingia bara na bidhaa tatu kuu: nguo, shanga za kioo, na nyaya nene za shaba zilizoitwa masango. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara zilikaribia 400. Miongoni mwao shanga nyekundu za samesame zilipendwa kiasi cha kupewa lakabu ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani. Kila mahali palikuwa na chaguo lake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alijikuta na mzigo usionunua hata unga wa kuwalisha wapagazi. Basi tusidhani babu zetu walipokea chochote walichopewa. Walichagua, tena kwa ukali.

Mafundi wa bara nao hawakuvaa masango kama yalivyokuja. Waliyapasha moto, wakayavuta yakawa nyuzi nyembamba, wakayazungusha kuwa vikuku na udodi. Malighafi ilikuwa ya kigeni, ufundi ulikuwa wa hapa.

Lakini shanga za kioo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Venice, nchini Italia. Mwaka 1291 watawala wa Venice waliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto mjini. Huko mafundi wakakaa pamoja, wakarithishana siri, wakaheshimiwa sana, na wakakatazwa kuhama na ufundi wao kwenda nchi nyingine. Murano ilikuwa jumuiya ya ubunifu yenye kuta. Nje ya kuta hizo walikuwako wanawake wa Venice waliotunga shanga hizo kwenye nyuzi, wakifanya kazi vibarazani mwao kwa ujira mdogo wa kipande, wakiwategemea mawakala waliowaletea kazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 waligoma kudai malipo bora. Ushanga uleule uliompamba mwanamke wa Unyamwezi ulikuwa umepita mikononi mwa mwanamke wa Venice aliyelipwa kidogo, na hakuna kati yao aliyekaa mezani bei ilipopangwa.

Shaba yetu ilipopanda treni

Kasese ina sababu yake ya pekee ya kuitafakari historia hii. Mji wenyewe ulikua pamoja na shaba ya Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi ukaanza uzalishaji mkubwa. Madini yalisagwa na kuchambuliwa Kilembe, yakapakiwa treni, yakayeyushwa Jinja, kisha shaba ikaelekea pwani na ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ilisimama. Mabaki yaliyorundikwa karibu na mji yalikuja kuchujwa kobalti kuanzia mwaka 1999, nayo kobalti ikauzwa nje.

Simaanishi kwamba mgodi haukutuletea kitu. Ulileta mishahara, shule, hospitali na watu wa makabila mengi ambao watoto wao ni wanafunzi wetu leo. Nasema tu kwamba shaba iliondoka ikiwa bado malighafi. Shaba ni madini laini, hufulika bila taabu, na watu wa bara hili waliigeuza vikuku karne nyingi kabla ya treni. Leo kijana wa Kasese anayetaka waya wa shaba kwa ajili ya herini hununua kipande kilichotoka kwenye nyaya za umeme zilizotumika, umbali mfupi tu kutoka mlima wenye shaba. Ndipo swali letu la uraia linapochoma: ni nani aliyeamua kwamba kazi ya mikono ifanyike kwingine?

Karakana tatu za zama zetu

Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki wamejaribu karakana za pamoja za mapambo kwa njia mbalimbali. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni Bombolulu, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Ilianzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha Kenya cha watu wenye ulemavu wa viungo, ili watu waliokuwa wakifungiwa majumbani au kuachwa waombe barabarani wapate ufundi na kipato. Mapambo ya shingoni na masikioni yakawa moja ya kazi zake mashuhuri, pamoja na nguo, ngozi na mbao. Faida yake kubwa ni mpangilio wa kazi. Mtu asiye na nguvu ya miguu anaweza kuketi akakunja waya. Mwenzake akatoboa, mwingine akang'arisha. Kilichokuwa kizuizi kwa fundi wa peke yake kilipata dawa katika kugawana kazi.

Ya pili ni Kazuri, Karen, jijini Nairobi. Mwaka 1975 Susan Wood, mke wa daktari Michael Wood aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa huduma ya madaktari wa ndege, alianza kufinyanga shanga za udongo katika kibanda kidogo bustanini mwake. Aliwachukua wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Hao wawili wakawavuta wengine, na karakana ikakua hadi kuajiri mamia. Udongo hukandwa, hufinyangwa kwa mkono ushanga mmoja mmoja, hukaushwa na kuchomwa. Kisha hupakwa rangi ya kung'aa na kuchomwa tena kabla ya kutungwa. Jina lenyewe ni somo la sarufi. Kiswahili sanifu hudunisha kwa KI-, lakini majirani zetu wa Kenya hupenda KA-. Kazuri ni kitu kidogo kilicho kizuri, na ule udogo unabeba mapenzi ndani yake.

Ya tatu iko Uganda, mtaa wa Acholi Quarter huko Banda, mashariki mwa Kampala. Vita vya kaskazini, vilivyoanza katikati ya miaka ya 1980 na kudumu takriban miongo miwili, viliwafukuza watu wengi wa Acholi kutoka makwao. Wanawake wengi waliofika mtaa huo waliponda mawe machimboni, nyundo mkononi na mtoto kando. Baadhi yao wakajifunza shanga za karatasi. Karatasi ya gazeti la rangi au kalenda hukatwa pembetatu ndefu na nyembamba, huzungushwa kwenye kijiti kuanzia upande mpana, hugundishwa, hukaushwa na kupakwa vanishi. Upana wa kitako cha pembetatu ndio urefu wa ushanga. Urefu wa karatasi ndio unene wake. Mwaka 2004 Wamarekani watatu waliowakuta wanawake hao wakaanzisha shirika la BeadforLife, lililozinunua shanga na kuziuza Marekani. Ushanga ukageuka ada ya shule, na kwa wengine ukawa paa la nyumba.

Naziheshimu karakana zote tatu. Lakini mwananchi mwangalifu hatakosa kuona tofauti. Bombolulu iliundwa chini ya chama cha hisani. Kazuri ni kampuni, na mafundi wake ni waajiriwa: mwaka 2001 ilipopata wamiliki wapya, mkono ulioifinyanga shanga haukuwa mkono uliotia saini. Wale wa Acholi Quarter walikuwa wauzaji kwa shirika lililoijua njia ya soko la mbali. Katika kila hali, kuna meza mbili: meza ya kufanyia kazi na meza ya kuamulia. Mafundi wamejaa kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili tuwahesabu.

Sisi wa Kasese na Bwera

Wilaya yetu si geni kwa ushirika. Pamba ilituachia Nyakatonzi, chama kikuu cha ushirika cha wakulima. Kahawa ya milimani imetupa Bukonzo Joint huko Kyarumba, ambako wakulima wadogo wameungana ili wasiuze kila mtu debe lake kwa bei ya mchuuzi. Lililowezekana kwa kahawa linaweza kujaribiwa kwa bangili na shanga.

Sheria inaturuhusu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa kujiunga na wengine katika vyama, na ibara ya 40 inalinda haki ya kila mtu kufanya kazi au biashara halali. Nembo ya kikundi inaweza kusajiliwa kama alama ya biashara, ili mtu wa mbali asiuze kazi yake kwa jina letu. Soko nalo limepanuka. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Lugha ya kuuzia pande zote mbili za daraja ni hiki Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2005 katiba yetu imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Basi ninyi mnaotaka kukodi chumba hapo Bwera au mjini Kasese, anzeni na mambo manne kabla ya kununua hata koleo.

Kwanza, andikeni vifaa ni vya nani. Kama msumeno na tanuri ni mali ya mtu mmoja, huyo ndiye bosi wenu, hata mkimwita mwenyekiti. Changeni kidogo kidogo mpaka vifaa viwe vya kikundi, kama vigae vya Tumbe vilivyokuwa vya kila nyumba.

Pili, kubalianeni kipimo. Mkufu wa fundi huyu ukikatika baada ya siku tatu, mnunuzi hatauliza ni wa nani. Ataikimbia meza yote. Wasusi wa butega walilijua hili.

Tatu, hesabuni bei pamoja na kwa uwazi: malighafi, saa za kazi, sehemu ya kodi ya chumba, na akiba. Anayejua gharama yake ndiye anayeweza kumwambia mchuuzi hapana.

Nne, tatueni mapema suala la mitindo. Hofu ya kwanza ninayoisikia ni hii: "Nikikaa na wenzangu, wataniibia ubunifu." Hofu hiyo si ya kijinga. Murano waliijibu kwa kufunga milango, na sisi hatuna sababu ya kufika huko. Kuweni na daftari la mitindo. Anayebuni mtindo mpya aandikwe jina na tarehe. Wengine wakiutumia, apate sehemu ndogo iliyokubaliwa kwa muda uliokubaliwa, kisha uwe wa wote. Kwa njia hiyo mbunifu hapunjwi, na kijana anayejifunza hafichwi.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya darasani, na kwamba tumbo la leo haliwezi kungoja daftari. Ni kweli kwamba mwenye njaa huuza kwa bei yoyote. Ndiyo sababu akiba ya kikundi hutangulia tanuri: mwanachama aliyebanwa na ada ya mtoto akopeshwe na wenzake, asilazimike kutupa kazi ya wiki nzima mikononi mwa mpita njia.

Maswali ya kujadili darasani na katika vikundi

1. Taja tofauti kati ya kufanya kazi mahali pamoja na kumiliki kazi kwa pamoja. Toa mfano mmoja kutoka katika makala hii na mmoja kutoka mtaani kwako.

2. Kama wewe ungekuwa katibu wa karakana ya mapambo hapa Bwera, ungeandika kanuni gani ya kwanza, na kwa nini?

3. Waulize wazee wa nyumbani kwenu majina ya mapambo waliyovaa bibi zenu, yalitengenezwa na nani, na kwa kitu gani. Yaandike kwa Lukonzo na kwa Kiswahili, uyalete darasani.